Walivyonipokea Kutoka Roma Nisikofika

Nauandika mkasa huu kwa sababu nimechoka kuusikia ukisimuliwa na Sauda. Aibu ni yangu, mimi ndiye niliyesimama uwanja wa ndege na sanduku mbele za watu, lakini akiusimulia yeye watu wanashika mbavu, wanamwambia rudia hapo, hapo kwenye rozari, na mimi mwenye aibu yangu nakaa pembeni namenya vitunguu. Sasa hata aibu nayo aichukue? Hapana. Leo mtausikia kwangu, na mkicheka mcheke kwangu.

Mnijue kwanza. Naitwa Zena, ila hapa Hillbrow, katikati ya Johannesburg, wananiita Mama Nomsa, nashona nguo, nina cherehani mbili na pasi moja inayochagua siku za kupata moto. Kwetu ni Morogoro. Huku nililetwa na ndoa (mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wa wale vijana wa Afrika Kusini waliokimbilia kwetu enzi za ubaguzi, alikuja na shati moja na maneno mengi), na nchi yao ilipofunguka tukarudi nao sisi wake zao. Sauda naye aliolewa vivyo hivyo. Tulikuja ndege moja, viti vimefuatana, yeye akakaa dirishani na mimi katikati, na njia nzima akawa ananisimulia vitu ambavyo ningeweza kuviona kwa macho yangu mwenyewe, ona ule mto, ona ule mlima, ona mawingu yale. Zaidi ya miaka thelathini imepita na kile kiti cha dirishani bado kinaniuma. Nakiri kabisa, mimi nina wivu, na sehemu kubwa ya wivu wangu ina jina, nalo ni Sauda, ambaye pia ndiye rafiki yangu kuliko wote.

Basi mwaka huu binti yake aliye nesi Ujerumani akamtumia tiketi. Sauda akakaa huko wiki tatu, akanenepa, na wakati wa kurudi ndege ikamshusha Roma asubuhi, ya kuja huku inaondoka usiku, kwa hiyo akatoka kwenda kutembea mji. Siku moja tu. Mimi nimeishi Joburg maisha yangu yote ya utu uzima na hakuna mtu aliyewahi kuniomba nimsimulie hata dakika moja, lakini ile siku moja ya Sauda ikawa ndiyo habari ya mwaka.

Na hapa lazima niwaeleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtanielewa. Tuna kikundi cha akina mama wanaozungumza Kiswahili, sisi Watanzania, Wakongo, Warundi, na mwenyekiti ni mimi. Kwetu anayesafiri mbali anasindikizwa, na akirudi anapokelewa uwanja wa ndege kwa kanga za sare, maua na vigelegele, hata kama ndege imefika alfajiri, na yeye analeta chochote mkononi, hata kama ni sabuni. Utaratibu huo niliuweka mimi mwenyewe, nikasema tuko ugenini, mtu asitoke mlango ule akakosa mtu wake. Lakini siku ya kumpokea Sauda niliwatumia ujumbe kwamba kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinauma. Nilikaa dukani nikashona pindo la pazia ambalo hakuna mteja aliyekuwa akilisubiri.

Kikao kilichofuata kilikuwa kwa Mama Furaha. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, anasuka nywele ghorofa ya chini ya jengo letu, Mkatoliki wa kweli kweli. Nilipika pilau, na ninaposema nilipika pilau nina maana nililala na viungo. Sauda akaunganisha simu na televisheni, na mambo yakaanza, Sauda mbele ya ule uwanja wa kale uliobomoka, Sauda kwenye chemchemi anatupa sarafu, Sauda mbele ya kanisa kubwa lenye nguzo nyingi. Mama Furaha alipoona lile kanisa akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Pilau ikapoa. Mama mmoja alikuwa anakula nyama yangu, mafuta yangu yanamtiririka mkononi, anasema Sauda, rudisha ile ya chemchemi. Na Sauda akawa anajishusha, mnajua kule kujishusha kunakopandisha, anasema, "Jamani ilikuwa siku moja tu, nilikuwa napita." Roho iliniuma mpaka nikasikia ladha yake mdomoni.

Wiki mbili baadaye ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Binti yangu Nomsa anakaa Midrand, kwenye zile nyumba zenye geti na mlinzi, akanikaribisha kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu, ambayo ilikuwa sikukuu, nipumzishe goti. Kutoka kwangu mpaka Midrand ni nusu saa kama robot, hizi taa za barabarani, hazijakukalia vibaya. Lakini kwenye kundi la simu sikuandika kwamba naenda kwa Nomsa, niliandika, "Ndugu zangu, nasafiri kidogo, nitarudi Jumatatu." Nilitaka tu na mimi nisikike nimesafiri.

Ijumaa Nomsa akanipeleka kula mahali fulani kaskazini ya mji. Ni jumba kubwa la starehe, lina kamari na mikahawa, na ndani yake wamejenga mji mzima wa Kitaliano, vichochoro vya mawe, kuta zilizochubuliwa makusudi, chemchemi, kamba za nguo zilizoanikwa ambazo hazijawahi kuvaliwa na mtu, na badala ya dari wamechora anga la buluu na mawingu meupe. Wenyeji wengi wanalijua, lakini kwenye kikundi chetu hakuna aendaye huko, tulishasema hapo ni mahali pa kamari (mimi ndiye niliyesema, kikaoni). Nikasimama kwenye chemchemi, Nomsa akanipiga picha. Nikasimama kichochoroni, akanipiga. Zikafika picha tisa, nikazituma kwenye kundi bila neno lolote. Naapa nilikuwa nataka tu waone kuwa nimependeza.

Mama Furaha akaandika, "Mama Nomsa, uko Roma?"

Hapo ndipo. Kama kuna sekunde moja ya maisha yangu ningeomba nirudishiwe, ni hiyo. Ningeandika hapana, niko na Nomsa tunakula, ingeishia hapo. Lakini kidole kikaandika maneno ya Sauda, yale yale: "Siku moja tu, napita."

Kundi likalipuka. Hongera zikaja, mioyo myekundu, maua, mikono ya sala, na mimi nimekaa chini ya mawingu ya rangi nakula tambi na kufurahi, maana tangu Sauda arudi ndiyo mara ya kwanza watu walikuwa wananishangilia mimi. Sauda akajibu mwisho kabisa. "Hongera, mwenzangu. Niambie saa ya kutua Jumatatu, tunakuja kukupokea wote." Tambi ikanikwama.

Kabla sijajua nijibu nini, Mama Furaha akanitumia ujumbe wa sauti, peke yangu, ananong'ona kama yuko kanisani. Mama yake kule Bukavu anaumwa, hali si nzuri, na kuna mtu anasafiri kwenda huko wiki hiyo hiyo. Akasema, "Mama Nomsa, kama unapita pale kwa kanisa kubwa, uniletee rozari moja tu. Mama akiishika ile ya Roma, roho yake itatulia." Nilisikiliza mara tatu. Ningeweza kusema kweli hapo pia, na mnajua sikusema.

Siku zilizobaki nilijifungia kwa Nomsa na mapazia nimeshusha, kana kwamba wanawake wa Hillbrow wangekuja kuchungulia Midrand. Nomsa anakielewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na alipojua nimefanya nini hakujibu kwa lugha yoyote, alinitazama tu kisha akasema eish, Mama, akatoka nje. Mimi nikafungua simu nikatafuta jinsi mtu anavyoweza kuizunguka Roma kwa siku moja, nikakuta ukurasa umepangwa saa kwa saa, asubuhi uwanja wa kale, mchana chemchemi, alasiri kanisa kubwa, na dakika za kutembea kati ya hapa na pale. Nikanakili yote nyuma ya karatasi zangu za vipimo vya wateja, kwa hiyo kanisa kubwa likaangukia kati ya kiuno na nyonga ya bibi harusi mmoja wa Diepsloot. Nikakariri usiku na mchana. Jumapili nikaenda duka la Wachina lililo jirani, nikanunua sumaku za kubandika kwenye friji, na rozari moja nyeupe, nzuri, ndani ya kisanduku. Maji nilikwisha kuyavulia nguo.

Mpango wangu ulikuwa huu. Kuna ndege iliyokuwa inatua asubuhi kutoka Ulaya, nikawatajia saa yake, na mimi ningefika mapema kabla yao, nikae kwenye benchi karibu na ule mlango wa wanaowasili, wakija wanikute nimechoka kisafari. Lakini Nomsa aliendesha gari asubuhi ile kama mtu aliyebeba mayai, na alipofika maegesho akasema hatoki, yeye hayumo, anarudi kwake. Nikavuta sanduku langu mpaka kwenye lifti, likipiga kelele ya sanduku tupu (ndani mlikuwa na kanga mbili na zile sumaku), nikatokea ukumbini kwa nyuma, na nikaona migongo yao.

Walikuwa kumi na watano. Kanga za njano za sare, maua, Mama mmoja na ngoma ndogo. Wote wameukodolea macho mlango ule, na kila unapofunguka wanavuta pumzi ya kigelegele, akitoka Mzungu na begi lake wanairudisha. Mimi niko nyuma yao. Sikuweza kwenda mbele, maana mbele kuna kizuizi na askari, na nyuma sikuwa na pa kurudi, Nomsa alishaondoka. Nikasimama tu. Kisha Mama Furaha akarudi kinyumenyume kupata nafasi ya kucheza, akagonga sanduku langu, na bila kugeuka akasema kwa adabu yake yote, "Pardon mama, utupishe kidogo, tunangojea mutu yetu."

Nikampisha. Kweli kabisa, nikavuta sanduku nikampisha, nikangojea pamoja nao, na pengine ningejingojea mpaka mchana kama asingegeuka kunishukuru.

Akaita jina langu, wote wakageuka, na mmoja akauliza nimepitia wapi. Nikasema kuna mlango wa pembeni, wa watu wenye magoti mabaya. Vigelegele vikapigwa, ngoma ikalia, nikavishwa kanga mabegani na kupewa maua, watu wa mataifa yote wakasimama kutupiga picha. Na nitawaambia ukweli ambao Sauda hausimulii kwa sababu haujui: nilifurahi. Nilisahau kabisa kwamba sikwenda popote. Walipouliza habari za Roma nikafungua mdomo na ukurasa wote ukatoka, asubuhi uwanja wa kale, ufike mapema kuepuka foleni, kutoka hapo mpaka kwenye chemchemi ni dakika ishirini na tano kwa miguu, vaa viatu vyepesi. Sauda alikuwa amesimama mwisho wa kundi, mikono ameifunga kifuani, ananisikiliza na kutikisa kichwa taratibu kama mwalimu anayesikia somo la mtoto wa mwenzake.

Nikawagawia sumaku zao, kisha nikafungua mkoba nikampa Mama Furaha kisanduku chake. Alikifungua, akaitoa rozari, akaibusu, akaishika kifuani, akafumba macho. Midomo ikawa inatembea kwa sala, na wenzake wote wakanyamaza kumwachia nafasi.

Katika ukimya huo akatokea Baba Furaha, mume wake, funguo za kombi ya kanisa mkononi, ndiye aliyewaleta. Baba Furaha ni mlinzi. Namshonea suruali za kazi mwaka wa sita huu, namjua urefu wa mguu na upana wa kiuno, lakini analinda wapi sikuwahi kumuuliza. Akanipa mkono kwa furaha, mtu mwema asiye na hila hata chembe, akasema, "Karibu, Mama Nomsa. Lakini vendredi, Ijumaa ile, si nilikuona kwetu ku kazi, ulikuwa unapiga picha pale pa maji? Nilikupungia mukono, haukuniona."

Halafu nikaona simu zinatolewa, moja baada ya nyingine, vidole vinapanua picha. Ilikuwa picha ya saba. Ukingoni, nyuma ya chemchemi ya Roma, amesimama Baba Furaha na kofia yake ya ulinzi na suruali niliyomshonea mimi, ameinua mkono juu, anatabasamu.

Ngoma ilikuwa ya kwanza kuwekwa chini. Wengine walicheka, wengine wakaguna, mmoja akaniuliza kama zile sumaku nazo ni za kamari, lakini hayo yote ningeyabeba. Lililonimaliza ni Mama Furaha. Aliitazama rozari mkononi, akaitazama tena, akaanza kuikunja pole pole kuirudisha kisandukuni, na mimi nikatamani anitukane. Nikamwambia nisamehe, Mama Furaha, nilisikia wivu, ni wivu tu, hakuna kingine. Nililia hapo hapo ukumbini na maua yangu. Yeye akafunga kisanduku, akakitia mkobani mwake. "Nitaipeleka kwa padri wetu aibariki," akasema. "Padri wa hapa naye iko na mikono. Lakini mama yangu sitamudanganya." Akatangulia kwenda kwenye kombi.

Nikabaki na Sauda. Akashika mpini wa sanduku, akasema, "Zena, wewe beba maua yako, hili nabeba mimi." (Ni yeye tu anayeniita Zena siku hizi, wengine waliokuwa wakiniita hivyo wamekufa.) Tukaingia kwenye lifti wawili. Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Tangu picha ya pili," akasema. "Umetuma picha tisa, na mawingu yako palepale. Mawingu ya Roma yanatembea, mwenzangu, kama ya Morogoro tu."

"Kwa nini sasa ukawaleta wote hawa?"

"Nilitaka kuona utatokea mlango gani."

Akacheka, na mimi nikacheka kidogo kwa aibu, kisha yeye akaacha kucheka. Akasema siku ile aliporudi miguu ilikuwa imevimba, Roma alipotea saa tatu nzima, hiyo chemchemi ya dakika ishirini na tano aliifikia saa nane mchana akiwa karibu kulia, na zile picha zote alijipiga mwenyewe kwa kunyoosha mkono kwa sababu hakuwa na mtu. "Nilikuwa najiambia, nikifika nitamsimulia Zena haya ya kupotea, wengine nitawaonyesha picha. Nimetoka mlango ule nakutafuta wewe. Wakasema kichwa kinakuuma. Jioni nikapita dukani na miguu yangu hii kukupa pole, nikakuona kwa nje unashona pazia."

Mtu anaweza kuwa na maneno ya Roma nzima akakosa neno moja la kumwambia rafiki yake kwenye lifti.

Kwenye kombi wote walikuwa wamekwisha kukaa. Sauda akaingia, akaacha kiti cha dirishani, akakaa katikati, akakipiga kwa kiganja akaniambia hicho chako. Zaidi ya miaka thelathini nimekingoja. Nikakaa na maua yangu, nikatazama nje, na kulikuwa na magari, na kuta, na magari mengine. Na kule katikati Sauda alikuwa ameshaanza kuwasimulia jinsi nilivyompisha Mama Furaha aje anipokee, watu wamemwinamia kutoka viti vya mbele na vya nyuma, wanapigana mabega kwa kicheko, hata Mama Furaha nikamwona anaficha tabasamu kwa ncha ya kitenge. Nikaona wivu juu ya kile kiti cha katikati.

Uenyekiti nimeuacha, niliacha mwenyewe kabla hawajaniambia. Suruali za Baba Furaha nashona bure, na sasa kila nikimpima namuuliza habari za kazini. Mama yake Mama Furaha yuko hai, rozari aliipata, aliambiwa imebarikiwa Hillbrow na imetoka kwa mshonaji mmoja mwenye wivu, na inasemekana alicheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Na mimi nimeapa, sitatuma tena picha ya mahali nilipo mpaka mtu anayenijua awe amesimama pembeni yangu. Sauda anakwenda tena Ujerumani mwisho wa mwaka. Ameshaniambia ndege itapitia Paris, siku moja tu, aliniambia taratibu, kama mtu anayegusa jipu kuona kama limeiva, na lilikuwa halijaiva, liliuma. Lakini akirudi, akitoka mlango ule, mtu wa kwanza atakayemwona ni mimi na kanga yangu ya njano. Roho itaniuma, najijua. Itaniuma nikiwa nimesimama pale.